Ajali ya Adam Petty ilikuwa na kinga

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2000, katika uwanja wa mbio wa Loudon, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kijana wa miaka 19 aliyeitwa Adam Petty alikuwa kwenye mazoezi ya mbio za mwisho wa wiki ile. Alipofika mwisho wa sehemu iliyonyooka, pale dereva anapotakiwa kuachia mafuta na kukanyaga breki ili aingie kona ya tatu, gari halikupunguza mwendo. Maelezo yaliyokubalika na wengi ni kwamba pedeli ya mafuta ilikwama chini. Gari liliufuata ukuta wa zege karibu uso kwa uso. Adam alikufa kwa kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu, pale kichwa kinapoegemea shingo.

Wiki nane baadaye, Ijumaa ya tarehe 7 Julai, dereva mwingine, Kenny Irwin Jr., aliugonga ukuta wa kona ileile, katika uwanja uleule, naye akiwa mazoezini. Jeraha lilikuwa lilelile, na lilimuua.

Sisi Waswahili tuna msemo wa kumfariji mfiwa: ajali haina kinga. Unafaa sana msibani, kwa sababu unamwondolea aliyebaki mzigo wa kujilaumu. Ila ukishakuwa sera ya taasisi, unaua. Hoja yangu ni kwamba ajali ya Adam Petty ilikuwa na kinga, kinga hiyo ilikwisha kujulikana, na wenye mamlaka ya kuilazimisha walisubiri mpaka afe mtu mkubwa zaidi, mbele ya kamera nyingi zaidi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Alishindana katika NASCAR, mashindano ya magari ambayo kwa umbo la nje yanafanana na yale ya barabarani, lakini ndani ni fremu ya mabomba ya chuma yenye injini kubwa ya V8. Yanazunguka viwanja vya umbo la yai, mara nyingi mamia ya mizunguko. Mchezo huu ulikulia kusini mwa Marekani, na hakuna ukoo ulioubeba kama akina Petty wa Level Cross, North Carolina. Babu wa baba yake Adam, Lee Petty, alishiriki mbio za kwanza kabisa za daraja la juu la NASCAR mwaka 1949 pale Charlotte, akalipindua gari aliloazima. Alikuja kuwa bingwa mara 3, na mwaka 1959 alishinda Daytona 500 ya kwanza, mbio maarufu kuliko zote za NASCAR, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba waandaaji walitumia siku 3 kupitia picha kabla ya kumtangaza. Mwanawe Richard alishinda mbio 200 na ubingwa mara 7. Mpaka leo wanamwita Mfalme. Kyle, mwana wa Richard, alishinda mbio 8 za daraja la juu. Adam alikuwa mwana wa Kyle.

Mtoto anayezaliwa katika mstari huo hawezi kuugusa usukani bila watu kuanza kuhesabu vizazi. Adam alipoingia rasmi kwenye mbio za kulipwa, vyombo vya habari vilimtangaza kuwa mwanamichezo wa kwanza wa kizazi cha nne katika michezo ya kulipwa ya Marekani. Naye alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mwaka 1998, akiwa na miaka 18, alishinda mbio za ARCA, ligi ndogo ya magari ya aina hiyohiyo, pale Charlotte katika jaribio lake la kwanza kwenye ligi hiyo, akaivunja rekodi ya ujana ya baba yake, ambaye mwaka 1979 naye alishinda mbio zake za kwanza za ARCA akiwa na miaka 18.

Mwaka huohuo wa 1998 ulikuwa umempa pigo ambalo watu wazima wengi wasingelibeba. Katika mbio za ligi nyingine huko Minnesota, fundi wake mkuu aliingia chini ya gari kurekebisha kitu wakati wa kusimama kwa huduma. Adam alipewa ishara ya kuondoka, akaondoka. Fundi yule alikufa. Simulizi nyingi za Adam hupita hapa haraka, zikikimbilia tabasamu lake maarufu. Mimi naona tukitaka kumheshimu tukumbuke pia kwamba kijana huyu aliwahi kushika usukani tena baada ya siku ile, na kwamba mchezo ulikuwa umeshamfundisha mapema jinsi unavyoua.

Mwaka 1999 alishiriki ligi ya Busch, ngazi ya pili ya NASCAR, akiendesha gari namba 45. Alianza kwa nafasi ya 6 Daytona, na matokeo yake bora mwaka ule yalikuwa nafasi ya 4 kule California. Lakini mara kadhaa hakufuzu hata kuanza mbio. Tarehe 2 Aprili 2000 alicheza mbio zake za kwanza za daraja la juu, Texas; injini ilimfia, akamaliza wa 40. Siku tatu baadaye, tarehe 5 Aprili, Lee Petty alifariki akiwa na miaka 86. Mzee aliondoka akijua kwamba vizazi vinne vya damu yake vimeshindana katika daraja la juu. Mwezi mmoja na siku chache mbele, wa mwisho kati ya wanne hao naye aliondoka.

Hapo ndipo simulizi ya ukoo inapoiteka akili ya kila anayeandika. Ina kila kitu: babu, mfalme, baba, mrithi, na jeneza. Ni simulizi ya kweli na inauma. Lakini ina kasoro moja kubwa: inaifanya kona ya tatu ya Loudon ionekane kama hatima ya familia. Ukisoma maandishi mengi juu ya Adam utapata habari tele za damu ya Petty, na sentensi moja tu kuhusu pedeli.

Wapo waliosema kijana alisukumwa mapema mno. Ni swali la haki kuhusu kazi yake. Timu ya Petty haikuwa tena ile ya miaka ya 1960 iliyotawala. Ilihitaji wadhamini, na jina la kizazi cha nne lilikuwa mali. Mtu asiyefuzu baadhi ya mbio za ngazi ya pili kisha akapangiwa ya kwanza mwaka unaofuata ana haki ya kuulizwa kama yuko tayari, na aliyempangia ana haki ya kuulizwa zaidi. Hata hivyo hoja ya ujana haielezi kifo. Kenny Irwin alikuwa na miaka 30 na alikuwa dereva bora mpya wa daraja la juu mwaka 1998. Uzoefu haukumsaidia kitu. Ukiwa na pedeli iliyokwama kwenye uwanja wenye sehemu ndefu zilizonyooka na kona fupi zenye mwinuko mdogo, muda wa kufikiri ni chini ya sekunde mbili, awe dereva wa miaka 19 au wa miaka 50.

Basi tuangalie kilichoua. Vilikuwa vitu vitatu vilivyopangana: pedeli iliyogoma kurudi, ukuta wa zege usiobonyea, na shingo isiyoshikiliwa na kitu. Wakati wa mgongano mikanda inakishika kifua vizuri sana, lakini kichwa hakina mkanda. Kichwa pamoja na helmeti ni kama kilo 6. Gari likisimama ghafla kwa nguvu mara 50 ya uvutano wa dunia, hicho kichwa kinavuta mbele kama kilo 300, na kinachokizuia ni misuli ya shingo na mfupa wa chini ya fuvu tu. Mfupa unaachia.

Jambo hili halikugunduliwa mwaka 2000. Robert Hubbard, profesa wa Michigan State University aliyebobea katika jinsi mwili unavyoumia kwenye migongano, alianza kulifanyia kazi mapema miaka ya 1980 baada ya shemeji yake, dereva Jim Downing, kumpoteza rafiki yake Patrick Jacquemart katika ajali ya mwaka 1981 huko Ohio. Walitengeneza kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba fupi zinazoshika helmeti, ili kichwa na kifua visimame pamoja. Wakaiita HANS. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inauzwa. Mwaka 1994 Roland Ratzenberger alikufa Imola kwa jeraha la aina hiyo katika Formula One. Februari mwaka huohuo Neil Bonnett na Rodney Orr walikufa Daytona katika muda wa siku nne, wote wakiwa mazoezini, wote wakiwa NASCAR. Septemba 1999, miezi minane kabla ya Adam, Gonzalo Rodríguez wa Uruguay alikufa Laguna Seca kwa kuvunjika mfupa uleule. Ligi yake, CART, ilijifunza: kuanzia msimu wa 2001 iliilazimisha HANS kwenye viwanja vya umbo la yai.

Na NASCAR, yaani shirika linaloyaendesha mashindano hayo, je? Baada ya Adam na Irwin iliagiza madereva wawekewe swichi ya kuzima injini kwenye usukani, iguswe kwa kidole gumba. Ni hatua ya maana, sikatai. Septemba 2000, mbio ziliporudi Loudon, waandaaji wakaweka sahani za kubana hewa ya injini ili kupunguza kasi. Matokeo yake Jeff Burton aliongoza mizunguko yote 300, mashabiki wakalalamika kwamba hakukuwa na ushindani, na sahani hizo hazikuonekana tena pale. Angalia kwa makini: hatua zote mbili ziliishughulikia injini. Ukuta ulibaki zege, na shingo za madereva zilibaki hiari yao.

Kwa nini? Jibu la kawaida ni kwamba madereva wenyewe waliikataa HANS. Ni kweli wengi waliikataa. Walisema inabana, inazuia kugeuza kichwa, inachelewesha kutoka gari likishika moto. Lakini madereva walikataa vingi kabla ya hapo, na NASCAR haikuwahi kuwaomba ruhusa kuhusu ukubwa wa injini au urefu wa bawa la nyuma. Taasisi iliyopima kila sentimita ya bati la gari ilijua kulazimisha ilipotaka.

Sababu ninayoiona mimi ni nyingine, na ipo katika historia ya akina Petty wenyewe. Januari 1964 Joe Weatherly, bingwa mara mbili, alikufa Riverside baada ya kichwa chake kutoka dirishani na kugonga ukuta. Neti ya dirisha ingeweza kuwa sheria mwaka ule. Haikuwa. Mwaka 1970 Richard Petty alipinduka Darlington, mkono na kichwa chake vikaning'inia nje ya dirisha gari likibiringika, na televisheni ikaonyesha. Alinusurika. Baada ya hapo neti ya dirisha ikawa sheria. Mwili ulikuwa umetoka dirishani mara zote mbili, ila ya pili taifa liliona kwa macho.

Adam alikufa siku ya Ijumaa, mazoezini. Irwin alikufa siku ya Ijumaa, mazoezini. Bonnett na Orr nao walikufa mazoezini. Mazoezi yana watazamaji wachache na matangazo machache. Kinachowafikia watu ni tangazo la jioni, picha ya kijana anayetabasamu, kisha mbio zinaendelea baada ya dakika moja ya ukimya. Oktoba 2000 Tony Roper alikufa Texas katika ligi ya malori madogo, ngazi ya tatu, ambayo wengi hawakuifuatilia. Jeraha lilikuwa la shingo na kichwa tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika miezi mitano, na bado kola ilibaki hiari.

Kisha ikaja tarehe 18 Februari 2001. Mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, mamilioni wakitazama moja kwa moja, Dale Earnhardt, bingwa mara 7, aligonga ukuta wa kona ya nne. Kwa macho ilionekana ajali ndogo. Alikufa kwa kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu. Hakuwa amevaa HANS, na hakuficha kwamba haitaki. Kuanzia hapo mambo yalienda: uchunguzi mkubwa, ripoti ya Agosti, wataalamu wa migongano wakialikwa mezani. Hata hivyo, ilibidi Blaise Alexander, kijana wa miaka 25, afe Charlotte tarehe 4 Oktoba 2001 katika mbio za ARCA, ligi ileile iliyomtambulisha Adam, ndipo siku chache baadaye NASCAR ilipofanya kifaa cha kushika kichwa kuwa lazima. Mwaka 2002 uwanja wa Indianapolis ukawa wa kwanza kufunika zege kwa ukuta mpya uliobuniwa na timu ya Dean Sicking katika Chuo Kikuu cha Nebraska: mabomba ya chuma yaliyoungwa, nyuma yake vipande vya povu gumu, ukuta unaobonyea na kula nguvu ya mgongano badala ya kuirudisha kwa dereva.

Matokeo? Tangu siku ile ya Earnhardt hakuna dereva aliyekufa mbioni katika ligi tatu za juu za kitaifa za NASCAR. Mwaka 2008 pale Texas, Michael McDowell aliufuata ukuta karibu uso kwa uso akitafuta kufuzu, gari likabiringika mara nyingi, akatoka kwa miguu yake na kupungia watu mkono. Mwaka 2020 gari la Ryan Newman liliruka na kugongwa likiwa juu chini Daytona. Siku mbili baadaye alitoka hospitali akiwa amewashika mikono binti zake. Madereva hawajawa wapole na kasi haijashuka kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Na faida imevuka bahari: mashindano ya dunia ya rali yaliilazimisha kola hiyo mwaka 2005, na wanaokimbiza magari kwenye vumbi la Naivasha wakati wa Safari Rally wanaivaa leo, wengi wao wakiwa hawajapata hata kulisikia jina la Adam Petty.

Siwezi kuapa kwamba kola na ukuta ule vingemwokoa. Kila mgongano una hesabu yake. Lakini jeraha lililomuua ndilo hasa vifaa hivyo vilibuniwa kulizuia, na kimojawapo kilikuwa kwenye soko tangu alipokuwa darasani.

Familia yake ilifanya kilicho ndani ya uwezo wa familia. Adam alikuwa ametembelea kambi ya watoto wagonjwa huko Florida, akatamani nyingine ijengwe karibu na kwao. Wazazi wake waliitekeleza: kambi ya Victory Junction ilifunguliwa mwaka 2004 Randleman, North Carolina, kwa watoto wenye maradhi sugu. Kyle aliiacha namba yake na kuendesha gari namba 45 la mwanawe kwa miaka kadhaa. Kambi hiyo ni kazi kubwa, na ningependa kila mtu aijue. Ninachokataa ni ile hali ya mchezo kuitumia kama jibu. Mara nyingi Adam anapotajwa, watu huruka kutoka jeneza hadi kambi kana kwamba deni limelipwa. Wazazi ndio waliolijenga lile jambo jema. Waliokuwa na kitabu cha sheria mkononi walikuwa wengine, na wao ndio wanaopaswa kuulizwa kuhusu miezi 17 iliyopita kati ya Mei 2000 na Oktoba 2001.

Na wasidhani swali limezeeka. Tarehe 21 Februari 2015, Daytona, dereva mwingine, Kyle Busch, aliteleza hadi sehemu ya ndani ya uwanja na kugonga ukuta wa zege tupu, sehemu ambayo haikuwa imefunikwa. Akavunjika mguu wa kulia na kuumia wa kushoto. Ukuta unaobonyea ulikuwa na miaka 13 tayari. Uongozi wa uwanja ulikiri palepale, ukaahidi kufunika kuta zilizobaki, na kabla ya mbio za kesho yake wafanyakazi walikuwa wamepanga marundo ya matairi mbele ya ukuta ule. Kazi hiyo ilichukua saa chache. Matairi yalikuwepo na New Hampshire pia, wiki nane nzima kati ya Adam na Irwin.